Wenyewe Watakuja Kuzika

Mimi sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Nafundisha darasa la pili huko Kimuli, wilaya ya Kyerwa, na watoto wangu wanajua kwamba nikisema toeni madaftari, sirudii. Kwa hiyo kila nilipokwenda kumtembelea mama kwenye nyumba za mradi, upande wa Kituntu, nilikuwa naugua. Sitanii. Kichwa kilianza kuniuma kabla sijashuka kwenye bodaboda, maana nilijua nitakachokikuta: watu wazima, wenye nguvu zao, wamekaa barazani wanalitazama gata lililong'oka kwenye bati. Maji ya mvua, badala ya kuingia kwenye tangi, yanachimba msingi wa nyumba, na wao wanashuka bondeni na madumu kuchota maji ya matope.

"Mbona hamlipigilii?" niliwauliza siku moja.

"Wenyewe watakuja."

"Wenyewe ni nani?"

"Si wenye mradi?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Msumari mmoja, jamani! Hata mama yangu alikuwa miongoni mwa waliokaa.

Watu hawa hawakuzaliwa hivyo, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Nimekua nao juu kilimani. Kila mtu alikuwa na kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na kwetu kibanja si shamba tu. Mtu anazaliwa humo, anakula humo, na akifa anazikwa humo humo. Baba yangu yupo huko, nyuma ya ilipokuwa nyumba yetu, na aliyeongoza wachimbaji siku ile alikuwa rafiki yake mkubwa, mkulima wa kahawa mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hakuna aliyemtuma. Alisikia yowe, akatupa kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaja na sururu begani. Jua lilipofika utosini kaburi lilikuwa tayari.

Masika moja baada ya hapo kilima kikateleza. Nyumba zetu zilikuwa zimejipanga ukingoni, karibu na njia, na ndizo zilizokwenda. Migomba ya nyuma ilibaki imesimama kana kwamba hakuna kilichotokea. Tuliwazika waliokufa, na waliobaki wakalala darasani na kanisani mpaka serikali ikishirikiana na wafadhili ilipowajengea nyumba kule chini kwenye tambarare. Nyumba nzuri, sisemi uongo: tofali za kuchoma, bati jekundu, sakafu ya saruji. Mama alikuwa hajawahi kumiliki sakafu ya saruji. Alikuwa anavua viatu mlangoni na kuwafokea wageni wasiovua.

Siku ya kukabidhi nyumba, msimamizi wa mradi alisoma masharti. Nyumba ni mali ya mradi, mkazi asibadilishe kitu bila ruhusa. Asipande mgomba karibu na ukuta, asichimbe shimo, asizike mtu kwenye eneo lile. Halafu akalisema lile kubwa: kilimani ni marufuku kurudi, iwe kulala, iwe kulima. Atakayeonekana huko itajulikana kwamba ana kwake, na nyumba atapewa mwingine. Watu wakapiga makofi. Nadhani siku ile wangepigia makofi chochote, maana kila mwezi walikuwa wanapokea unga, maharage na mafuta, na walikuwa wamechoka kulia.

Basi vibanja vikaachwa. Kahawa ikaivia juu ya miti na kudondoka. Migomba ikasongwa na magugu mpaka mikungu ikawa midogo ya kuchekesha. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wetu hawa hakuna aliyewapa jembe, na wale waliokuwa na majembe yao waliyasukuma chini ya vitanda.

Rafiki wa baba ndiye aliyejaribu kubaki mtu wa zamani. Mlango wake ulioza chini kwa sababu ya maji yale ya gata, akatafuta mbao zake mwenyewe, akatengeneza mlango mpya na kuupaka rangi ya kijani. Msimamizi alipokuja akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba amebadilisha mali ya mradi bila ruhusa, auondoe na arudishe ule wa zamani mpaka fundi atakapokuja. Mzee aliung'oa mbele ya wajukuu zake. Fundi hakuja. Akaning'iniza gunia mlangoni, na tangu siku hiyo hakugusa tena msumari wala nyundo.

Mama naye si mtakatifu, nisije nikamsifu kupita kiasi. Mwezi mmoja unga ulichelewa, akanipigia simu Kimuli nikiwa darasani, akanigombeza kana kwamba mimi ndiye ghala.

"Wanatutesa kwa makusudi," akasema.

"Mama, mbona una kibanja chako?"

"Unataka wanifukuze?"

Jibu lake lilikuwa na akili. Kitu kimoja tu hakikumtoka moyoni. Kila nilipomtembelea, tukishakula, alikuwa anageuza kiti kikaelekea kilimani na kuniambia yale yale: "Usikubali wanizike kando ya barabara." Alikuwa na maana ya makaburi ya serikali, kule wanakozikwa wasafiri waliokosa ndugu. Kwetu kuzikwa huko ni kama kusema hukuwahi kuwa na kwenu. Mimi nilikuwa namjibu kwamba bado ana nguvu, aache maneno hayo. Hakuwa anaogopa kufa. Aliogopa kuzikwa na watu wasiomjua, mbali na baba.

Likizo moja ya Juni nilikuwa kwake. Jirani yake wa upande wa kulia alikuwa mzee mgane, mtulivu, ambaye watoto wake walihamia mbali siku nyingi. Mke wake alizikwa kilimani, katika kibanja chao, mwaka uleule aliozikwa baba. Mama alikuwa na desturi ya kumpelekea uji asubuhi. Siku ile alitoka na bakuli akarudi nalo limejaa.

"Mzee ametutoka," akasema, na kuliweka bakuli mezani.

Nikasubiri yowe. Kwetu mtu akifa, wa kwanza kujua anapiga yowe, na kila anayelisikia anaacha alichoshika. Wanaume wanakuja na majembe na sururu, wanawake wanakuja na ndizi, maji, kuni na nyasi za kutandika chini waombolezaji wakalie. Hakuna anayealikwa. Usipokwenda bila sababu watu watakukumbuka, na watakukumbusha siku yako. Nimelijua jambo hili kabla sijajua kusoma.

Yowe halikupigwa. Watu walitoka nje mmoja mmoja, wakasimama mbele ya mlango wa marehemu, wakashika viuno. Rafiki wa baba alikuwa ameshika simu.

"Shikamoo baba," nikamwambia.

"Marahaba, mwalimu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Wachimbaji wako wapi?"

"Nampigia msimamizi. Hapokei."

"Msimamizi ndiye mchimba kaburi?"

Akanitazama, wala hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Mwalimu, wewe unakuja na kuondoka. Sisi ndio tunaokaa. Nilitengeneza mlango wangu nikaambiwa si wangu. Nyumba ni yao, mlango ni wao. Sasa na maiti ni yao."

"Huyu alikuwa rafiki yako!"

"Bado ni rafiki yangu. Lakini tukimzika wenyewe leo, kesho watasema, kumbe hawa wanajiweza. Unga utakatika. Utatulisha wewe?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Niliwatazama kwa uchungu, maana nilimwelewa. Ukiwa na hasira halafu ukamwelewa unayemkasirikia, hasira hiyo haina pa kwenda, inabaki inakuchoma mwenyewe.

Msimamizi alipokea simu saa nne na ushee. Alikuwa kwenye semina, akatoa pole nyingi, akasema kesho ataleta gari na vibarua, na marehemu atazikwa kwenye makaburi ya barabarani, sanduku litakuwepo, watu wasiwe na wasiwasi. Rafiki wa baba alipokwisha kuwatangazia, nilisikia watu wanashusha pumzi. Kweli wallahi, walishusha pumzi! Mama mmoja akauliza kama gari litakuja na mchele.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Mke wake yuko juu."

Watu wakaendelea kulizungumzia gari.

"Nasema mke wake yuko juu. Mtamlaza huyu barabarani na mkewe yuko juu?"

"Waitu, kule ni marufuku," rafiki wa baba akamwambia, kwa neno letu la heshima. "Unajua."

Mama akaingia ndani. Nikafikiri amekwenda kulia, nikamfuata. Nilimkuta amepiga magoti anavuta jembe kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa limeota kutu. Akajifunga kitenge kiunoni, akafunga na kilemba, akalitwaa.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa jirani."

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Analia, anapika, anatandika nyasi, lakini jembe la kaburi halishiki. Wazee husema akilishika, watu wa eneo lile watakufa kwa kufuatana. Mimi ni mwalimu, nasema siamini mambo hayo, lakini siku ile nilisahau kwamba mimi ni mwalimu. Mama alipita katikati ya watu wale na jembe begani, na alipofika mwanzo wa njia ya kilimani akageuka, akapiga yowe. Sauti yake ilipasuka. Mbwa wakabweka. Watu wakamtazama, na hakuna aliyeinua mguu.

Nikachukua panga nikamfuata. Ningefanya nini?

Kibanja cha marehemu kilikuwa msitu. Tulifyeka mpaka viganja vikanivuja maji. Kahawa zilikuwa zimepukutisha matunda yake chini, meusi, na migomba ilikuwa imejaza majani makavu kila upande. Mama ndiye aliyeliona kaburi la yule mke, kwa mawe yake yaliyopangwa pembeni. Akapiga ishara ya msalaba, ingawa sisi ni Walutheri, akapima kwa macho, akashusha jembe. Ardhi ya Juni ni ngumu. Jembe liliruka kama limepiga bati. Akarudia.

"Mama, acha. Tafadhali acha."

"Nikiacha, nani ataendelea?"

Nikashika sepetu la zamani tulilolikuta limetupwa pale, nikaanza kuutoa udongo. Nilikuwa nalia na kumlaani kila mtu aliyekaa kule chini, mmoja mmoja, kwa uzao wake. Tulikuwa tumefika kimo cha goti niliposikia watu wanapanda wanahema. Rafiki wa baba alikuwa mbele, sururu begani, na nyuma yake wanaume wote wa nyumba zile.

"Toa jembe," akamwambia mama.

"Sitoi."

"Waitu, nakuomba toa jembe. Unataka kutumaliza sote?"

Mama akamtazama sana, kisha akamwachia. Akatoka shimoni, akajikung'uta magoti, akaenda kukaa kwenye gogo la mgomba. Mzee akatemea mate viganjani, akapiga sururu. Sikuwahi kumwona mtu akichimba vile. Alikuwa anajua wapi pana jiwe kabla hajaligusa. Wengine walishuka kumchukua marehemu kwa machela ya miti na blanketi, mwinjilisti akapanda nao, wanawake wakaja na nyasi na maji bila kutumwa. Jua lilipoanza kulala mzee wetu alikuwa amelala karibu na mkewe. Tukaimba. Rafiki wa baba akaimba kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe, na mimi nikajisemea moyoni, haya, watu wamerudi. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopata ajira.

Nilijidanganya. Walikuja kwa kuogopa mkosi wa mama kushika jembe, hilo nalijua sasa, lakini siku ile sikutaka kulijua.

Msimamizi aliitisha mkutano Jumamosi iliyofuata. Alikuwa kijana mpole wa kutoka Muleba, anayeamkia kila mzee, na nilipomsikia anaongea nilishindwa hata kumchukia sawasawa. Akasema amesikitika. Akasema kilima kile kimekatazwa kwa usalama wa watu wenyewe, na kwamba kikionekana kinatumika, wafadhili watauliza nyumba zilijengwa za nini. Kisha akauliza nani aliyeanza kupanda.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama, natazama viatu vyangu, na nilikuwa na hakika watasema ni sote. Watu wote wale walishika machela. Hata mwinjilisti alikuwepo.

Rafiki wa baba akainuka. Akanyoosha kidevu chake kuelekea kwa mama. "Aliyeanza ni huyo. Sisi tulimfuata kwenda kumrudisha."

Nikasimama. "Kumrudisha na sururu?"

Wachache wakacheka. Mama akanivuta sketi. "Kaa chini."

"Sikai! Mzee, ulimchimbia rafiki yako kwa mikono yako, halafu leo unaona aibu? Aibu ya nini?"

"Mwalimu," akasema, haniangalii, "wewe una mshahara."

Nikakaa. Msimamizi alikuwa hana neno kali. Alisema bibi aahidi tu mbele ya watu kwamba hatapanda tena, na mambo yaishe, kila mtu aendelee kuishi. Watu wakamgeukia mama, na kwa nyuso zao walikuwa wanamwomba akubali. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyetaka afukuzwe, walitaka tu yaishe.

"Mwanangu," mama akamwambia, "na nikifa?"

"Tutakuzika vizuri, bibi. Gari lipo, sanduku lipo. Usiwe na hofu kabisa."

"Barabarani?"

"Makaburi yale tumeyapima, bibi, yana uzio."

Mama akainuka, akajifunga kitenge sawasawa. "Asante sana, mwanangu," akasema. "Basi nyumba yenu hiyo."

Nilifikiri ni hasira, itapoa. Kesho yake alifagia sakafu yake ya saruji, akaipiga deki, akachukua godoro na sufuria, akapanda. Mjomba wangu alimjengea kibanda cha miti na udongo, juu kimeezekwa mabati ya zamani, katikati ya migomba ya baba. Mwezi haukuisha kabla nyumba yake haijapata mtu mwingine.

Tuligombana, tena vibaya. Nilimwambia aje Kimuli nikae naye. Akaniuliza, "Kimuli nitazikwa kwa nani? Kwa mwenye nyumba wako?" Ni kweli nimepanga. Nikamwambia anatafuta kifo. Akaniambia kifo hakitafutwi, kina miguu. Nikaenda kwa msimamizi kumwomba amrudishe, nikiwa nimejiandaa kumtukana akikataa. Hakukataa wala hakukubali. Alinichukua kwenye pikipiki yake mpaka kilimani, tukapita juu ya kibanja chetu, akanionyesha ufa. Ulikuwa umejificha kwenye nyasi, mrefu, unakwenda mpaka kwenye mwamba. Niliingiza mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko.

"Mwalimu, hatukukataza kwa roho mbaya," akasema.

Nikamwambia najua. Nililia mbele yake bila haya, maana hapo ndipo nilipoona kwamba wote wana haki na mama yangu ndiye anayelala chini ya ufa ule.

Mvua za vuli zilipokuja sikulala vizuri hata mara moja. Kila radi ikilia Kimuli, nampigia. Ananijibu kwa dharau: "Nipo. Unataka niseme nipo mara ngapi?" Wakati mwingine simu haina chaji, na hapo mimi nafundisha kujumlisha huku akili yangu imekaa kwenye ufa. Watoto wamekuwa wakikosea hesabu na mimi naweka vema.

Kibanja, lakini, kimemwitikia. Alikipalilia mwenyewe kidogo kidogo, akapunguza machipukizi, akarundika majani makavu mashinani, na mwaka huu migomba imezaa mikungu ambayo sijaiona tangu baba yupo. Nilipokwenda likizo iliyopita nilimkuta anakata mkungu mkubwa wa bitoke, ndizi za kupika, na kuufunga kamba.

"Huu wa nani?"

Akanitajia rafiki wa baba.

"Nani?"

"Umesikia. Kila Jumamosi nampelekea mmoja. Wiki hizi mbili mgongo unanisumbua, upeleke wewe."

Mama yangu wee! Niliongea mpaka povu likanitoka. Nilimkumbusha kidevu kile, nilimkumbusha mkutano, nilimwambia mtu yule amekutoa kwenye nyumba yako ili abaki na unga wake, na wewe unamlisha ndizi? Una akili kweli? Mama aliniacha niishiwe. Alikuwa amekaa karibu na kaburi la baba, na nikaona kwamba pembeni yake amefyeka sehemu nyingine, safi, ya urefu wake.

"Wewe uko Kimuli," akasema. "Siku ikifika, mpaka upate gari, mpaka ufike, nitakuwa nimeharibika. Mjomba wako hawezi peke yake, ana presha. Vijana wameondoka. Nani atachimba?"

"Mimi."

"Ulichimba siku ile, nikakuona. Ulikuwa unakwangua." Akacheka kidogo. "Yule ana mikono. Baba yako kalala vizuri kwa mikono ile. Jirani hupaliliwa, mwanangu. Ukimwacha anaota magugu, hata kama alikuwa mtu mwema. Mpelekee, na umsikilize anasema nini. Umuulize kama siku yangu atapanda."

Nikaubeba mkungu kichwani, nikashuka nao, shingo inaniuma na roho inaniuma. Watu waliniamkia vizuri barazani. Hawana ubaya, hawakuwahi kuwa nao. Rafiki wa baba alikuwa amekaa mlangoni kwake anaota jua. Amezeeka haraka, lakini mikono yake bado ni ile, mipana, imelala magotini haina kazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu. Weka hapo ndani, kwenye kivuli."

Nikauweka. Akauinamia, akaubonyeza kwa kidole kama mnunuzi.

"Mbona Jumamosi iliyopita hamkuleta?"

Nikafikiri sikusikia. "Nini?"

"Hamkuleta. Watoto walisubiri hapa mpaka jioni." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetoa taarifa kwa ofisi. "Na huu ni mdogo kuliko ule wa mwanzo. Mwambie mama, sisi humu tuko wengi."

Nilisimama pale na kata yangu ya kubebea mzigo kichwani, sasa iko mkononi. Nikamuuliza lile nililotumwa, kwa sababu nilitumwa. "Baba, mama anauliza. Siku yake ikifika, utapanda kumchimbia?"

Akatazama kilimani, akitia mkono juu ya macho. Nilimwona anafikiri kweli. Nilimwombea kwa Mungu wangu aseme neno moja tu.

"Kule si marufuku?" akasema. "Lakini wewe upo. Una mshahara, utaleta watu." Kisha akanigusa bega kwa upendo, kama mtoto wake. "Jumamosi ijayo msisahau."

Nikapanda kilima. Nilikwenda polepole, si kwa uchovu. Mama alikuwa amesimama kwenye mwanzo wa kibanja ananisubiri, mkono mmoja mgongoni, na hata kabla sijafika akaanza kuuliza.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Kaupokea?"

"Kaupokea. Ameshukuru sana."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

Mama alikuwa ananitazama usoni, na midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo.

"Amesema atakuja," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akachukua panga, akaingia kwenye migomba kuangalia mkungu wa Jumamosi ijayo.